Kabla Hujanunua Tela la Kulala Lenye Droo, Hesabu Usiku Wako

"Mwanangu, hiyo nyumba yako ina mimba?"

Aliyeniuliza alikuwa bibi mmoja wa Kaisho, wilayani Kyerwa, aliyetupa hifadhi uwanjani kwake jioni moja ya Oktoba 2023, mvua ilipotukatisha safari ya kwenda maji moto ya Mtagata. Alisimama penye migomba yake, kanga kichwani, akitazama ubavu wa tela nililokuwa nalo ukisogea nje polepole mpaka ukaning'inia juu ya maharage yake.

"Ndiyo, bibi," nikamjibu, "na inajifungua kila jioni."

Tukacheka sana. Asubuhi yake, nilipokuwa nimepiga magoti kwenye tope nikizungusha mkono wa chuma ili ubavu uleule urudi ndani, kicheko kilikuwa kimeniishia.

Tangu safari ile, kila mwenye ndoto ya kulala porini bila kulala chini huniuliza swali moja: ninunue tela la aina hiyo au niachane nalo? Mimi nilikaribia kulinunua. Gari la kuvuta nilikuwa nalo, fedha nilikuwa naikusanya, na sababu ilikuwa nzuri tu. Mwaka 2019 mapori yetu ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi, yakawa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Tangu hapo nimekuwa nikipeleka wageni wachache wachache na Land Cruiser yangu: leo Rumanyika, kesho Bweranyange kwenye historia ya watawala wa Karagwe, keshokutwa Mtagata, halafu Ibanda kule Mto Kagera unakotutenga na Rwanda na Uganda. Nyumba za kulala wageni ziko Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, lakini mgeni akishauona mto anataka kulala karibu nao. Nikaona dawa ni kutembea na nyumba.

Haya ndiyo niliyojifunza, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenieleza mapema.

Droo ni kitu gani

Likiwa safarini, tela hili ni jembamba kama matela mengine. Ukifika unabonyeza swichi, na kipande kizima cha ukuta kinatoka nje pamoja na kitanda au meza iliyomo, kama unavyovuta droo ya kabati. Mafundi wa Kayanga walipoliona mara ya kwanza waliita hivyohivyo, "droo", na jina hilo nimebaki nalo. Chumba kinaongezeka nusu mita, pengine mita nzima. Ukiandika kwenye karatasi ni kidogo, lakini ukiwa ndani ni tofauti ya kuvaa suruali umesimama au kuivaa umelala.

Sitaki kulisema vibaya. Jioni ya kwanza mvua ya vuli ilipopiga, watu wanne tulikaa mezani tukanywa kahawa, taa inawaka, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Wakati ule ungeniambia lina kasoro ningekuona una wivu.

Ila nafasi hiyo ina bei yake, na unailipa njiani. Droo moja inaweza kuongeza uzito wa kilo 200 hadi 350: reli, mota, sakafu yake, dari yake. Ukuta unaotoka nje ni ukuta uliokwisha kukatwa, kwa hiyo pande zake zote nne zinategemea raba kuzuia maji na vumbi. Halafu kila kinachotoka kwa mota siku moja kitakataa kurudi kwa mota.

Watu walizunguka na matela muda mrefu kabla ya droo. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya matela ya Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo, wakapita kwenye tope la bara letu wakilala ndani ya matela yasiyotoa ubavu wowote. Droo zilianza kuenea Marekani baada ya kampuni ya Newmar kuzitoa kwenye magari yake ya kulala mwaka 1990. Zilienea huko kwa sababu huko kuna viwanja vilivyosawazishwa, vyenye umeme na bomba, ambako familia hufika na kukaa.

La Marekani nililikataa kwa futi kamba

Mdogo wangu anaishi Texas, na huko matela haya yanauzwa mitumba kama sisi tunavyouziana Noah. Alinitumia picha za moja lenye droo mbili. Bei yake ilinitoa jasho la furaha. Nikachukua futi kamba na kalamu.

Upana: matela makubwa ya kule huwa na mita 2.44 hadi karibu 2.6, na mlango wa kontena ni takribani mita 2.34. Kwa hiyo kontena umelisahau. Litakuja na meli ya magari, kisha livutwe kutoka Dar es Salaam zaidi ya kilomita 1,400 kabla hujafika Kayanga.

Mlango: kwao wanaendesha upande wa kulia, hivyo mlango wa tela uko kulia, kwenye ukingo wa barabara yao. Kwetu ukiegesha kushoto, mgeni anafungua mlango na kushukia mbele ya Fuso iliyobeba ndizi.

Umeme: vifaa vya kule ni vya volti 120 na hetzi 60. Vyetu ni volti 230 na hetzi 50. Transfoma itakushushia volti, lakini hetzi haizigusi.

Kiungo: kirungu cha kuvutia cha kwao mara nyingi ni cha inchi 2, yaani milimita 50.8, na kinachotumika sana kwetu ni cha milimita 50. Unaweza kudhani milimita isiyotimia haina neno. Kiungo kinachocheza hakina simile mteremkoni.

Na kodi: VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye bei ya picha uliyotumiwa. Inapigwa kwenye jumla ya bei, nauli ya meli, bima na ushuru wa forodha. Bei iliyonitoa jasho la furaha ilinitoa jasho la aina nyingine.

Nikamwandikia mdogo wangu: asante sana, nitumie viti vya kukunja.

Siku tisa za majaribio

Baadaye nikasikia kuna mtu Mwanza anauza tela lililotengenezwa Afrika Kusini, la njia mbaya, lenye droo moja, mlango upande wa kushoto. Alitaka milioni 38. Nikamwomba anikodishe kwanza kwa siku tisa, na nikilinunua, kodi ikatwe kwenye bei. Tukaandikishana na nani atalipa kitu kikivunjika. Ukitoka na jambo moja tu kwenye makala haya, liwe hilo: usinunue nyumba ya magurudumu ambayo hujalala ndani yake kwenye barabara zako mwenyewe.

Somo la kwanza nililipata kabla sijatoka Mwanza vizuri. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa. Lilifunguliwa Juni 2025. Tukapanda kivuko. Gari liliingia salama, lakini mkia wa tela ukasugua chini kwa mlio ambao abiria wote waligeuka kuutafuta. Kosa lilikuwa langu, sikushuka kupima. Siku hizi unapita darajani, lakini makalavati na mifereji kwenye mageti ya nyumba za wageni hayajaenda popote. Tela lenye mkia mrefu nyuma ya ekseli litayasugua yote.

Kwenye lami, Geita, Biharamulo, Muleba, Bukoba hadi Kyaka, lilinifuata kwa adabu. Gari langu lililozoea lita 13 kwa kilomita 100 likawa linakunywa 19, na ile milima ya kutoka Kyaka kupanda Bugene niliimaliza kwa gia ya pili huku bodaboda wakinipita na mikungu yao. Hayo niliyategemea.

Sikulitegemea vumbi. Kutoka Omurushaka kwenda Nkwenda wakati ule ilikuwa changarawe, imejikunja kama bati. Tulipofika Nkwenda nikatoa droo mbele ya wageni wangu kwa mbwembwe. Shuka nyeupe zilikuwa zimepata mstari mwekundu kuzunguka kitanda kizima, kama mtu amenyunyiza pilipili ya unga. Raba za droo zimetengenezwa kuzuia mvua inayoshuka kutoka juu. Tela linalokimbia huacha hewa hafifu nyuma yake, na hewa hiyo hunyonya vumbi kupitia kila upenyo. Siku zilizofuata nilifungua kidogo tundu la hewa la darini linaloelekea mbele, ili hewa iingie na kusukuma kutoka ndani. Ilisaidia nusu. Nusu nyingine nilifagia. Tena changarawe iliyoingia kwenye reli ilikuwa inakwaruza sakafu kila droo ilipopita.

Kisha Kaisho. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya vilima na mabonde. Ukipata mahali tambarare pa kutosha tela, ujue ni uwanja wa shule au wa kanisa. Uwanja wa bibi ulikuwa na mteremko wa wastani. Tukasawazisha kwa mbao na jeki, droo ikatoka, mvua ikanyesha usiku kucha. Alfajiri mguu mmoja wa jeki ulikuwa umezama kwenye udongo uliolainika. Fremu ilijipinda kidogo tu, pengine kwa unene wa kidole, lakini droo inataka kupita kwenye tundu lililonyooka. Nikabonyeza swichi. Upande mmoja ukatangulia, mwingine ukachelewa, droo ikakaa mshazari na kugoma. Nikajaribu tena, na betri iliyowasha taa usiku kucha ikazima.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakaribia kununua. Hema likikataa unalikunja hovyo na kulitupa kwenye gari. Droo ikikataa kurudi, huendi popote.

Wajukuu wawili wa bibi walisukuma kila mmoja kona yake kwa viganja, mimi nikizungusha mkono wa chuma, bibi akisimamia kama mkunga. "Kushoto imetangulia! Ngoja! Sasa!" Ilichukua zaidi ya saa moja. Mtagata tulifika mchana, wakati wageni walitaka kuuona mvuke wa asubuhi.

Hesabu yenyewe

Niliporudi Kayanga nilifungua daftari langu la safari la mwaka 2022, nikajumlisha vitu viwili tu: usiku tuliolala nje, na mahali tulipolala. Usiku 64, vituo 41. Gawanya, unapata usiku mmoja na nusu kwa kila kituo.

Kutafuta pa kuegesha, kusawazisha, kutoa droo, kisha asubuhi kufagia reli, kurudisha na kufunga, kulikuwa kunanila saa moja na nusu kila kituo. Kwa vituo 41 ni saa 61 na nusu. Hizo ni siku tano, tangu jua kuchomoza mpaka kuzama, nikihudumia ukuta.

Hesabu hii ndiyo jibu la swali lenu. Droo inakulipa ukiwa umesimama na inakudai ukiwa unatembea. Kwangu mpaka nimeuweka hivi: ukikaa chini ya usiku tatu kwa kituo, achana nayo. Ukikaa wiki au zaidi, ifikirie kwa moyo mweupe. Kati ya hapo, aina ya barabara zako ndiyo iamue.

Hapa kwetu mgeni wa kukaa ni nadra. Ninayemjua vizuri ni mpelelezi James Grant, aliyefika kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe, pamoja na mwenzake John Speke mwishoni mwa mwaka 1861. Januari 1862 Speke alisonga mbele kwenda Buganda, Grant akabaki Karagwe akiuguza mguu kwa miezi. Huyo angefaidi droo. Wangu wanalala, wanapiga picha, wanauliza kesho tunaanza saa ngapi.

Ukienda kukagua

Huenda hesabu yako ikatoka tofauti na yangu. Basi nenda kalikague, lakini usiende na mwenye tela peke yake. Chukua fundi wa bodi na tochi.

Kwanza, ingia ndani droo ikiwa imefungwa. Unafika kitandani? Jikoni? Mlango wa choo unafunguka? Njiani mvua itakukuta, au mtoto atataka kulala, na tela ambalo halikaliki likiwa limefungwa ni mzigo tu.

Pili, itoe na kuirudisha mara tatu mfululizo huku mtu akiangalia kona zote nne kutoka nje. Pande zote zianze pamoja na zifike pamoja. Sikiliza mota, ikibadilisha sauti katikati, kuna kinachokwama.

Tatu, weka ukanda wa karatasi kwenye raba, funga droo, kisha vuta karatasi. Ikitoka bila ubishi, maji na vumbi vitaingia bila ubishi. Rudia kila baada ya hatua moja kuzunguka droo.

Nne, vua viatu, kanyaga sakafu kwenye kona za droo kwa kisigino. Ikibonyea, mbao chini yake zimeoza. Harufu ya ukungu hata kidogo ina maana hiyohiyo, hata kama wameweka zulia jipya. Zulia jipya ndilo la kulitilia shaka kuliko yote.

Tano, omba uonyeshwe mkono wa kurudishia droo bila umeme, na uuzungushe mwenyewe mpaka mwisho. Mwuzaji asiyejua ulipo hajawahi kulitumia tela lake, au hataki ujue.

Sita, lipime kwenye mzani likiwa na maji, mtungi wa gesi na vyombo, maana uzito ulioandikwa kwenye bamba mara nyingi ni wa tela tupu. Linganisha na uwezo wa kuvuta ulioandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Uzito unaokaa kwenye kirungu uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela. Ukipungua sana, tela litaanza kutikisa mkia, na ukilikuta hilo kwenye mteremko wa kushuka Kyaka utamwita Mungu kwa majina yake yote.

Saba, jiulize nani ataitengeneza droo ikiharibika. Ekseli, beringi, springi na breki, mafundi wetu wanazijua. Mota ya droo na reli zake za alumini huzikuti kwenye duka la spea Omurushaka. Ukivunja jino moja la reli, utasubiri kifurushi.

Nilichonunua

Nilimrudishia mwenye tela mali yake, nikalipa rangi ya mkia uliokwaruzika, tukaagana vizuri. Kisha nikaenda kwa fundi wa kuchomelea hapa Kayanga na mchoro wa penseli.

Akanitengenezea tela fupi la chuma kwa milioni 4.6. Matairi ni saizi ileile ya Land Cruiser, hivyo tairi moja la akiba linatosha vyote viwili. Mkia haupo kabisa. Ekseli iko karibu na nyuma, na kalavati nalipita bila kusali. Juu kuna hema la kufunguka la watu wawili lililonigharimu milioni tatu na ushee, na jingine kama hilo liko juu ya gari. Nilipolipeleka TRA likapewa namba yake, nikalikatia bima.

Na mtacheka: lina droo. Ni ya jiko, upana wa sentimita 60, inavutwa kwa mkono, inabeba majiko mawili, sufuria na birika. Ikikwama naipiga teke.

Sebule yetu ni turubai la mita tatu kwa nne tunalolifunga ubavuni. Chini yake ndizi zinachemka, kahawa inapita, na mvua ikipiga tunasogeza viti katikati. Nilichokuwa nakwenda kununua kwa milioni 38 ni mita moja ya ziada ya kukaa, na mita za kukaa ndizo Karagwe inazogawa bure. Kilichokosekana kilikuwa paa na kitanda kikavu.

Tela lenyewe liko wapi

Lilipata mnunuzi. Ni mkandarasi mdogo wa kuchimba visima. Vijana wake wanakaa wiki tatu hadi nne kwenye kijiji kimoja mpaka maji yatoke, halafu wanahama. Mwezi uliopita nililipita upande wa Ihembe. Wamelisawazisha juu ya mawe ya msingi, droo iko nje, kivuli chake kimeegeshewa pikipiki, na kwenye ukingo wake wameanika ovaroli nne na shuka. Kijana mmoja alikuwa amekaa mlangoni anamenya viazi.

Nikampungia mkono, nikamuuliza droo haijawasumbua.

"Dada, hatujui," akasema. "Tangu tufike hatujairudisha."